Mshauri wa Ndoa: Mipaka ya Mamlaka Yake na Amana ya Siri

 

Binti wa Unguja au Pemba akiolewa Busale, wilayani Kyela, kati yake na wazazi wake kuna boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Mbeya, kisha mteremko wa Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa. Ndoa ikiingia mushkeli, nasaha hutolewa kwa simu na mjomba, au huko huko na imamu, wazee wa kata, au mshauri nasaha wa kituo cha afya. Familia nyingi hapa visiwani hudhani kila anayeketi baina ya wanandoa ana mamlaka kama ya Kadhi wetu. Sivyo, na kosa hilo linaweza kumpotezea binti haki yake.

Kwetu, mas-ala ya ndoa za Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya 2017. Bara wana Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Zanzibar haitumiki. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ndipo shauri la talaka lifunguliwe. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Lipo la kata, na Waislamu wana ya kwao chini ya BAKWATA. Likishindwa kupatanisha hutoa hati, na shauri hufunguliwa kabla hati haijapitisha miezi sita. Ndoa yenyewe halina uwezo wa kuivunja. Hata mume akitamka talaka baada ya hapo, kifungu cha 107 kimeiachia mahakama kutoa amri. Kisharia eda huhesabiwa tangu talaka ilipotamkwa, haingoji mahakama, lakini bila amri ile dai la mgao wa mali litakwama.

Jambo hili si geni katika fiqhi yetu. Suratun-Nisaa, aya ya 35, imeamrisha msuluhishi kutoka kwa watu wa mume na mwengine kutoka kwa watu wa mke. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi'i ni kuwa wawili hao ni mawakili; hawatenganishi wanandoa mpaka wamepewa idhini. Wamaliki wamewapa mamlaka zaidi. Basi mzee anayepiga simu kutoka Unguja na kusema "nimeshaivunja ndoa hii" amejipa asichopewa.

Ama siri, mwenye kutakwa ushauri amebeba amana, kama alivyotufundisha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Aibu ya chumbani aliyoelezwa imamu haipelekwi barazani, wala sauti ya binti akilia haisambazwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. (Hili la sauti tunalisema kwa uchungu, kwani wanaolifanya ni watu wazima na akili zao.) Majibu ya kipimo cha VVU yana ulinzi wa sheria ya Ukimwi ya 2008: ni ya aliyepimwa. Sheria imeruhusu mwenza wa ndoa aelezwe. Shemeji na wakwe hawamo.

Hata hivyo, amana haikuwekwa kumficha dhalimu. Faatwimah bint Qays alipomtaka ushauri Mtume kuhusu waliomposa, alimweleza kuwa Mu'aawiyah ni fakiri na kuwa Abu Jahm ni mwepesi wa fimbo. Imesimuliwa katika Sahihi Muslim. Imamu An-Nawawiy naye amehesabu mashtaka ya aliyedhulumiwa miongoni mwa mambo yanayohalalisha kutaja aibu ya mtu.

Kwa hiyo mshauri anayeambiwa "ananipiga" akajibu "subiri, funika kombe" amekhini. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kimetamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, hata mila ikisema vyengine. Njia yake ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na fomu ya PF3 ili jeraha liandikwe hospitali. Mtoto akiwa ndiye anayedhuriwa, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamwajibisha kila mwenye taarifa kuifikisha serikali ya mtaa au kijiji, na mshauri hana udhuru wa siri hapo. Kwetu ipo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011.

Wazazi wengi huogopa jambo moja: mume akikataa kufika Baraza, je, binti amefungwa? La. Kifungu kile kile cha 101 kimemtoa mwenye kukataa makusudi, aliyetoroka asijulikane alipo, na aliye nje ya nchi asiyetarajiwa kurejea ndani ya miezi sita. Binti aombe wito wa Baraza uandikwe kwa tarehe, na nakala abaki nayo mwenyewe.

Na Allaah Anajua zaidi.