Fomu ya ordinateri inapokataa, tuangalie wapi kwanza?

Kwenye mituele za afya, shule na vikundi vya akiba vya Bukavu, daftari kubwa la wanamemba linaanza kuachia ordinateri nafasi. Kuna wanaotumia Access ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1992, na kuna wanaotumia Base ya LibreOffice, ambayo hailipiwi feza. Anayeandika, mara nyingi ni sekretere aliyejifunza peke yake. Fomu ikimkatalia, mama aliyelipa mchango wake anafika kutunzwa, anaambiwa jina halimo. Basi, hii si hadisi ya mafundi peke yao.

Fomu haichungi kitu. Ni dirisha tu. Majina na tarehe vinalala ndani ya jedwali, na kila kisanduku cha fomu kimefungwa kwenye safu moja ya hilo jedwali. Kwa hiyo, mbele ya kuandika tena chochote, fungua jedwali uangalie. (Maneno ya skrini tunayotaja hapa ni ya Access ya Kifaransa.)

Kisanduku kinaonyesha « #Nom? »? Pengine mutu alibadilisha jina la safu, tuseme kutoka Tel kuwa Telefoni, na kisanduku kinaendelea kuita jina la zamani. Ingia « Mode Création », bonyeza kile kisanduku, kisha kwenye « Feuille de propriétés » tafuta « Source contrôle » na uchague jina jipya. Namba zenyewe hazikupotea.

Linalotisha watu zaidi ni fomu kufunguka tupu. Wanamemba wote wameenda wapi? Angalia, katika sifa za fomu nzima, « Entrée données ». Ikiwa ni Oui, fomu inaonyesha tu nafasi ya kuandika watu wapya, wa zamani inawaficha. Weka Non, watarudi. Asiyejua hilo anaanza kuandika liste upya, na mutu mumoja anakuwa na fishi mbili: moja imelipa, ingine haijalipa. Hapo ugomvi hauko mbali.

Kisanduku kisichokubali kuandikwa kimefungwa tu: tazama « Verrouillé », ama « Modif autorisée » ya fomu.

Telefoni nayo ina hila yake. Safu ikiwa ya aina ya namba, 099 inakuwa 99, sifuri ya mbele inakufa. Ukiandika kwa 243 programu inaweza kukataa kabisa, kwa sababu namba nzima ya kawaida ya Access haipiti 2 147 483 647. Telefoni haijumlishwi wala haigawanywi, basi iwekwe kama maandishi. Lakini ujue, kubadilisha aina hakurudishi zile sifuri zilizokufa, itabidi kuziongeza.

Tarehe ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu inakosea bila kelele. Windows ikipangwa kwa Kiingereza cha Marekani, 03/04/2024 inasomwa kuwa tarehe 4 mwezi wa tatu. Lakini 25/03/2024 inapita sawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Matokeo ni liste yenye nusu kweli na nusu uongo. Rekebisha mpangilio wa eneo katika Windows, kisha chukua fishi za karatasi ulinganishe tarehe zote zenye siku kuanzia 1 mpaka 12.

Majina je? Kwetu mutu ana jina, postnom na prénom. Visanduku viwe vitatu, na mukubaliane mapema kama munaandika Cikuru ama Chikuru. Ukitafuta moja, programu haitakupa ingine, na hapo haina kosa.

Umeme ukikatika je? Access inaandika fishi kwenye jedwali pale unapohamia fishi ingine. Ukiona alama ya kalamu pembeni, bado haijachungwa. Bonyeza Maj na Entrée pamoja, kalamu itatoka. Na kila jioni, funga programu, nakili faili kwenye kle USB isiyolala nyumba moja na ordinateri.