Mashimo ya Johari ya Ratnapura

Katika kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Sarandibu, na ambacho leo ni Sri Lanka, upo mji wa Ratnapura, kando ya mto Kalu, usio mbali na mlima wenye alama ya unyayo ambao Waislamu wengi wa kale waliuzuru wakiitakidi kuwa ni wa Nabii Adamu. Na riziki ya mji huo, tangu zamani za wafalme, imetoka katika johari. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikwisha kuziona Mombasa na Kilwa, alifika Sarandibu mwaka 1344, akaandika kwamba yakuti hupatikana kila pembe ya kisiwa, na kwamba kila jiwe lililofikia thamani ya fanamu mia ni haki ya sultani, naye hulilipia thamani yake.

Wasafiri wa namna hiyo walivutwa zaidi na hazina za wafalme; lakini kwa rai yangu elimu iliyo bora zaidi imo shimoni. Mawe hayo, yaliyong'olewa milimani na maji ya mvua kwa dahari nyingi, yamelala katika tabaka la changarawe liitwalo illam, ambalo aghalabu limo chini ya makonde ya mpunga. Wachimbaji huteremka wima, na kila wanapozidi kwenda chini huzishika kuta kwa fremu za magogo, kisha nyuma ya magogo hushindilia majani ya kangaga, ili maji yapenye na udongo usiporomoke. Illam ikipandishwa hurundikwa juu hadi siku ya kuoshwa, ndipo watu husimama majini wakizungusha matunga yaliyosukwa, mchanga na vijiwe vyepesi vikimwagika ukingoni, mawe mazito yakituama chini. Na mwenye jicho la uzoefu huinamia tunga, akayageuza mabaki juani kwa ncha za vidole, huku wenziwe wote wakimtazama.

Kwa desturi, wachimbaji hawa hawapewi ujira wa siku, bali chakula na fungu; na mwenye ardhi, mwenye leseni na mwenye pampu ya maji nao wana mafungu yao. Naiheshimu sheria hiyo, kwani imewafanya watu washirikiane hasara kabla ya kushirikiana faida, jambo ambalo mikataba mingi iliyoandikwa kwa wino haijaliweza.

Hata hivyo dhuluma moja imebaki. Mwaka 1926, katika konde la mpunga huko Pelmadulla, wilaya hiyo hiyo ya Ratnapura, ilipatikana yakuti samawi ya karati 400 hivi, ambayo mwaka 2014 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya dola milioni 17. Fungu la wachimbaji hukatwa pale jiwe linapouzwa kwa mara ya kwanza. Bei ikipanda baadaye, iwe katika mji wa Beruwala kwa wafanyabiashara wa Kiislamu, au Colombo, au Ulaya, ziada yake hairudi tena kwa waliolitoa ardhini.