Ushauri Nasaha Ulioanzia Mkekani

Chuo chetu cha ustawi wa jamii pale Dar es Salaam kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wengi hudhani ushauri nasaha ulizaliwa darasani. Kwa mkoa wetu habari ni nyingine.

Mwaka 1990, Pangani, wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakitoka hospitali na kwenda kwa waganga wa jadi. Dawa za kupunguza makali hazikuwapo. Watu wa hospitali wangeweza kuwakemea waganga. Badala yake walikwenda kukaa nao, akiwamo Mzee Waziri Mrisho. Ndipo lilipochipuka kundi la TAWG, lililopata ofisi baadaye katika hospitali ya Bombo. Waganga walifundishwa hatari ya wembe mmoja kuchanjia watu wengi. Wauguzi nao waliona jambo lisiloandikwa daftarini: mganga huuliza habari za nyumbani kwanza, na hana haraka.

Kule Uganda, Noerine Kaleeba alianzisha TASO mwaka 1987, mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Hakungoja cheti.

Elimu ya darasani siidharau, mimi mwenyewe nina stashahada. Lakini hapa Ngamiani, nani atamtolea siri yake mtu aliyesimama mlangoni na fomu mkononi, hata hodi hajamaliza?

Basi wanachuo wakiletwa Tanga kwa mazoezi, wapelekwe Pangani kwanza, wakae na waganga siku mbili tatu, ndipo wakabidhiwe hizo fomu.