Penina Muhando na nguzo iliyolala

Nguzo imelala chini. Wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa waje kuisimamisha, na kila mmoja anafika na mzigo wake. Yupo ambaye mumewe anamalizia pesa zake kwenye pombe. Yupo mjane anayenyang'anywa mali na ndugu za marehemu. Wanavuta, wanagombana, wanaanza tena. Tamthilia inakwisha nguzo ikiwa palepale.

Hiyo ndiyo *Nguzo Mama* ya mwaka 1982. Mpaka leo huniuma, kwa sababu mwandishi hakuturahisishia. Angeweza kuisimamisha ile nguzo watu wakapiga makofi, wakaenda zao kulala. Aliiacha chini.

Penina Muhando, ambaye wanafunzi wake wengi wanamjua kama Profesa Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, Kilosa, mkoani Morogoro. Ni miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuandika tamthilia ya Kiswahili. *Hatia* ilitoka mwaka 1972, ikafuatwa na *Tambueni Haki Zetu*, *Heshima Yangu*, *Pambo* na *Talaka si Mke Wangu*, zote kabla ya mwaka 1977. Alikuwa kijana bado, na tamthilia zake zote aliziandika kwa Kiswahili.

Ila tamthilia ya Kiswahili wakati huo ilikuwa bado na sura ya darasani, yenye maonyesho yaliyopangwa kama walivyofundisha Wazungu. Muhando alikuwa Mkaguru na alijua kwao watu hawakusubiri Wazungu waje kuwafundisha kuigiza. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, mwaka 1983, ulihusu sanaa za maonyesho za Wakaguru kama njia ya kulea na kufundisha. Tayari *Nguzo Mama* ilikuwa na Bi Msimulizi, na *Lina Ubani* ya mwaka 1984 ikaingia moja kwa moja kwenye ngano.

Jina lenyewe la *Lina Ubani* linatosha kumsimamisha msomaji. Sote tumelelewa na msemo kwamba la kuvunda halina ubani. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, maisha yamekaza, na yeye akaung'oa ukanushi kwenye methali: lina. Silabi moja tu iliondoka, na wahenga wakapata mpinzani.

Wakati huohuo alikuwa akitoka nje ya jukwaa la chuo. Pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Amandina Lihamba, alikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, kisha wanakijiji wenyewe wakakiigiza kwa ngoma zao na kukijadili hapohapo uwanjani. Kwangu mimi, huu ndio ukubwa wake: mwandishi mwenye jina anakubali kuiweka kalamu chini ili wengine waseme.

Mwaka 1996 njia hiyo iliingia shule za sekondari kwa jina la Tuseme. Wasichana walichambua wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya shule nzima. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika ambalo Mlama alikuja kuliongoza, lilipeleka Tuseme katika nchi nyingine. Binti anasimama mbele ya walimu wake walioketi mstari wa mbele, anaanza kuigiza lile ambalo ofisini kwao asingethubutu kulitamka.