Biokemia ya Kitabibu: Masomo ya Uzamili na Bonde la Kilombero

Biokemia ya kitabibu ni tawi la tiba linalopima kemikali za damu, mkojo na majimaji mengine ya mwili ili kutambua maradhi na kufuatilia matibabu. Anayeisomea uzamili kwa kawaida huwa anajua tayari kuendesha mashine za maabara. Anachokwenda kujifunza ni kulihoji jibu linalotoka.

Mjini Ifakara, katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, elimu ya ngazi hiyo imekua ndani ya utafiti. Maabara iliyofunguliwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake kadhaa walipata uzamivu Chuo Kikuu cha Basel. Taasisi hiyo pia hushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kutoa shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii. Si shahada ya biokemia, lakini swali zito kuliko yote ya kibiokemia bondeni, yaani madini ya chuma, limezaliwa katika utafiti wa aina hiyo.

Upungufu wa damu kwa watoto wa Kilombero una vyanzo vikuu viwili vinavyoingiliana: malaria na uhaba wa chuma. Jaribio lililofanyika Ifakara kwa watoto wachanga 832, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997, lilionyesha kuwa dawa ya kukinga malaria ilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takriban asilimia 57, na chuma kwa asilimia 29, bila chuma kuongeza malaria. Habari njema, ila haikudumu bila doa. Mwaka 2006 matokeo ya jaribio la kisiwani Pemba yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na asidi foliki walilazwa au kufa zaidi kwa asilimia 12. Waliokuwa na uhaba wa chuma na upungufu wa damu tangu mwanzo ndio walionufaika.

Basi ni lazima kupima kwanza, na hapo ndipo ugumu ulipo. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mwili unapopambana na maambukizi. Mtoto mwenye vimelea anaweza kuonekana ameshiba chuma kumbe hana. Kwa walio chini ya miaka mitano, Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto mzima wa afya, na 30 kwa mwenye maambukizi. Ndiyo maana CRP, protini ya damu inayoashiria maambukizi, hupimwa sambamba. Feritini iliyoandikwa peke yake kwenye fomu, katika nchi ya malaria, haina thamani kubwa.

Kuna pia mambo ya kabla ya mashine. Sindano ikivutwa kwa nguvu chembe nyekundu hupasuka, na potasiamu hupanda bure. Damu isiyotenganishwa hupoteza sukari kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto la bondeni huharakisha. Mirija yenye floraidi husaidia, ingawa huchelewa kufanya kazi kikamilifu. Sampuli ya Mlimba, bondeni humo humo, inayosubiri usafiri wa kwenda Ifakara ni heri itenganishwe huko huko.