Kibarua akiugua, nani amlipe?

Mitaani kwetu jibu ni moja: kibarua hana likizo ya ugonjwa. Asiyefika kazini halipwi, basi. Uingereza mtu wa namna hii husemwa ana mkataba wa saa sifuri, yaani mwajiri hamuahidi hata saa moja ya kazi. Sisi jina hilo hatulitumii sana, lakini watu wake tunao tele: wabebaji mizigo katika maghala ya Shimanzi, na akina dada wa hoteli za Diani na Malindi wanaoitwa wageni wakiwa wengi na kuambiwa "tutakupigia simu" wageni wakiondoka.

Jibu hilo la mitaani ni nusu tu ya ukweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Huyo wa leo tu, kweli, hana likizo ya ugonjwa.

Lakini kuna kifungu cha 37, na hiki ndicho ningependa kila kibarua wa Pwani akijue. Ukifanya kazi kwa mwajiri mmoja siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria inakuhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama bado unapewa pesa zako jioni kwa jioni. Siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi nayo inahesabiwa. Vile vile ikiwa kazi yenyewe haiwezi kutarajiwa kumalizika chini ya miezi 3. Ukiendelea miezi 2 tangu siku ya kwanza, unapata haki zote ambazo ungepata lau hukuanza kama kibarua.

Na kifungu cha 30 kinasema mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, kisha siku 7 kwa nusu malipo, katika kila miezi 12. Tuseme unalipwa shilingi 800 kwa siku. Ni 5,600, kisha 2,800. Jumla 8,400. Kwa nyumba ya kupanga Kisauni au Likoni, hiyo ni kodi ya nyumba na unga.

Masharti ni mawili. Umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, wewe mwenyewe au kwa kumtuma mtu, na ulete cheti cha daktari. Cheti cha msimamizi wa zahanati anayetia sahihi kwa niaba ya daktari kinakubalika. Dawa za duka la jirani bila karatasi hazitakusaidia.

Waajiri wajanja wanakijua kifungu cha 37 kuliko sisi. Kuna wanaomsimamisha mtu wiki ya tatu, wamuite tena baada ya siku kadhaa ili hesabu ianze upya. Mchezo huu unaumiza, na sioni tofauti yake na kumla mtu jasho lake. Ndiyo maana nasema weka ushahidi: jumbe za M-Pesa, daftari lenye tarehe, picha ya karatasi ya zamu. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na mwajiri asipouleta mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake. Ukitiwa sahihi karatasi ya kuacha haki hizi, karatasi hiyo ni batili.

Aliyeumia kazini ana sheria nyingine, ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, na asichanganye na hii.

Kuomba likizo unayostahiki si sababu halali ya kufutwa. Ukifutwa kwa hilo, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3.