Kutoka kwa mkunga hadi kwa mzazi: historia ya kumwokoa mtoto asiyepumua

Mwaka 1871 daktari wa uzazi wa Ujerumani, Bernhard Schultze, alichapisha kitabu kuhusu watoto wanaozaliwa bila kupumua. Njia yake ilikuwa hivi: daktari anasimama wima, anamshika mtoto mabegani, anamrusha juu hadi kiwiliwili kikunjike na miguu imwangukie kifuani, kisha anamshusha tena kati ya magoti yake. Anarudia hivyo mara kadhaa, akitumaini kwamba kukunjwa na kukunjuliwa kutasukuma hewa nje na kuivuta ndani ya mapafu. Hospitali za Ulaya ziliitumia njia hiyo kwa miongo mingi.

Njia iliyo bora zaidi ilikuwa imejulikana karne nyingi kabla ya hapo. Mwaka 1472, huko Padua nchini Italia, Paolo Bagellardo alitoa kitabu ambacho ni miongoni mwa vya kwanza kabisa kupigwa chapa kuhusu magonjwa ya watoto. Humo alimwelekeza mkunga kwamba akimkuta mtoto ana joto lakini hapumui, ampulizie pumzi mdomoni. Baadaye, mwaka 1740, Chuo cha Sayansi cha Paris kilishauri waliozama majini wapuliziwe vivyo hivyo. Jiji la Amsterdam likaunda chama cha kuokoa waliozama mwaka 1767, na London ikafuata mwaka 1774. Vyama hivyo viliwalenga raia wa kawaida, na vilitoa zawadi kwa waliojitosa kuokoa wenzao.

Kilichoiangusha njia ya mkunga ni elimu iliyoeleweka nusu. Katika miaka ya 1770 wanasayansi waligundua oksijeni, na madaktari wengi wakahitimisha kwamba pumzi iliyokwisha kutoka kifuani mwa mtu ni hewa chafu isiyofaa kumpa mwingine. Mdomo ukaachwa, ikashikwa mivukuto. Ilipobainika huko Ufaransa, katika miaka ya 1820, kwamba mivukuto inaweza kupasua mapafu, nayo ikatupwa. Kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata wataalamu walibuni namna za kubana mgongo au kifua na kuinua mikono: Silvester mwaka 1858, Schäfer mwaka 1903, Holger Nielsen mwaka 1932. Skauti na askari wa nchi nyingi walikariri njia hizo, ingawa mara nyingi hewa iliyofika mapafuni ilikuwa haba mno.

Mambo yaligeuka mwaka 1946 mjini Minneapolis, Marekani, wakati wa mlipuko wa polio. Daktari kijana James Elam alikuwa ukumbini hospitalini alipoona kitanda cha magurudumu kikisukumwa mbio, na juu yake mtoto aliyekwisha kugeuka rangi ya samawati. Usiku uliotangulia Elam alikuwa amesoma habari za wakunga wa zamani waliowapulizia watoto wachanga. Alikisimamisha kitanda, akamfuta mtoto uso, akafunika pua ya mtoto kwa midomo yake mwenyewe na kupuliza. Baada ya pumzi chache tu, rangi ya mtoto ikarejea.

Elam hakuishia hapo. Mwaka 1954 alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba pumzi ya mtu mmoja inatosha kumweka hai mwingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Inayotoka kifuani bado ina kama asilimia 16. Mwenzake, Peter Safar wa Baltimore, alikwenda mbele zaidi. Aliwalaza watu waliojitolea, akawapa dawa za kusimamisha misuli ya kupumua, kisha akawaita watu wasio madaktari wawapulizie, nao wakaweza. Mwaka 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na mhandisi William Kouwenhoven walionyesha kwamba kusukuma kifua kwa mikono mitupu kunaweza kuzungusha damu moyo unaposimama. Pumzi na kusukuma kifua vikaunganishwa kuwa huduma moja.

Kazi ilibaki moja: kuwafundisha watu. Huwezi kujizoeza kusukuma kifua cha mtu mzima wa afya, sembuse cha mtoto. Jawabu lilitoka kwa mtengeneza vinyago vya watoto wa Stavanger, Norway, aitwaye Åsmund Lærdal. Katikati ya miaka ya 1950, mwanawe Tore, mwenye umri wa miaka 2, alizama akawa karibu kufa, na baba yake ndiye aliyemwokoa. Madaktari walipomwendea wakitafuta mwanasesere wa kufundishia, Lærdal alikuwa tayari anajua kufinyanga plastiki laini, na alijua kwa uchungu kazi hiyo ni ya nini. Mwaka 1960 akamtoa Anne, mwanasesere wa ukubwa wa mtu ambaye kifua chake huinuka akipuliziwa ipasavyo.

Mtoto anaweza pia kuacha kupumua kwa kupaliwa, na upande huo nao una historia yenye mabishano. Mwaka 1974, Henry Heimlich wa Cincinnati alitangaza njia ya kumkumbatia mtu kwa nyuma na kumbana tumboni ili kitu kiruke kutoka kooni. Magazeti yaliieneza haraka, na mwaka 1985 afisa mkuu wa afya wa Marekani, C. Everett Koop, akalaani kabisa kumpiga mtu mgongoni. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti. Ini lake ni kubwa na mbavu hazilikingi vyema, kwa hiyo kumbana tumbo kunaweza kumjeruhi. Kwake mapigo ya mgongoni yalibaki, na mwaka 2025 mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani uliyarudisha hata kwa watu wazima.

Utaratibu wenyewe wa kumwokoa mtoto aliyepaliwa ni mfupi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayekohoa kwa nguvu au kulia bado anapata hewa. Huachwa akohoe huku akiangaliwa kwa karibu. Aliye hatarini ni yule anayefungua mdomo bila sauti. Huyo hulazwa kifudifudi juu ya mkono wa mzazi, mkono ukiegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya ikishikiliwa bila kubana koo. Kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, hupigwa mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka hugeuzwa chali, kichwa kikiwa bado chini, na kidari husukumwa mara 5 chini kidogo ya mstari wa chuchu. Zoezi hurudiwa mpaka kitu kitoke. Mtoto akilegea, msaada huitwa, naye hulazwa mahali pagumu na kuanza kusukumwa kifua mara 30 na kupuliziwa mara 2, mdomo wa mzazi ukifunika mdomo na pua yake. Kidole hakitiwi kinywani kusaka kitu kisichoonekana, maana huweza kukisukuma ndani zaidi.

Historia hii ina sura ya Tanzania, tena sura kubwa. Tore, yule mtoto aliyeokolewa, alikua akaiongoza kampuni ya baba yake, na kutoka humo akatokea mwanasesere mchanga anayejazwa maji apate uzito wa mtoto halisi. Alitengenezwa kwa ajili ya mpango wa kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, uliozinduliwa mwaka 2010. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu. Matokeo ya hospitali 8 nchini, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliongeza somo jingine. Mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadilisha kazi ya wakunga chumba cha kujifungulia. Mabadiliko yalikuja pale mwanasesere alipowekwa karibu na wodi na wakunga wakajizoeza kwa dakika chache, mara kwa mara. Mpango uliokua kutokana na uzoefu huo ulifika vituo 30 katika mikoa 5, na matokeo yake yalipotolewa mwaka 2025, vifo vya siku ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 40.

Mkunga sasa amesaidiwa, na amethibitisha kwamba ujuzi huu hukaa mikononi kwa mazoezi. Zamu ya mzazi bado. Punje ya karanga au ya mahindi hukwama kooni nyumbani, si wodini, na mtoto hawezi kusubiri bodaboda imfikishe zahanati. Darasa halihitaji kujengwa upya, kwa kuwa akina mama hukusanyika kliniki siku za chanjo, wakisubiri kwenye mabenchi kwa saa nzima au zaidi. Wizara za afya za Afrika Mashariki ziweke mwanasesere mmoja katika kila kliniki ya mama na mtoto, na somo la dakika 10 lifundishwe kila siku ya chanjo. Na mzazi mwenye mtoto wa kliniki mwezi huu asingoje agizo. Amwombe muuguzi amwonyeshe, kisha ajaribu kwa mikono yake mwenyewe, na aende na baba wa mtoto, bibi na dada wa kazi, kwa sababu hakuna ajuaye nani atakuwa nyumbani siku mtoto atakapopaliwa.